Kwa nini marashi ya mashuka yanaisha kabla mgeni hajaingia chumbani

*"Mtaalamu, shikamoo. Nina gesti ndogo ya vyumba 6 Kirumba, si mbali na mwaloni, kwa hiyo upepo ukigeuka tu harufu ya dagaa inaingia mpaka kwenye mapazia. Nimekuwa nikitengeneza mwenyewe marashi ya kupulizia chumba na mashuka: maji lita 1, kizibo kimoja cha dawa ya kulainishia nguo, kijiko cha bikaboneti ile ya kuokea keki, na matone kama 30 ya mafuta ya manukato ninayonunua Makoroboi. Natikisa, napulizia shuka, napiga pasi, natandika. Nusu saa ya kwanza pananukia vizuri sana, halafu hakuna kitu. Nikaongeza matone mpaka 60, sasa nina mashuka mawili meupe yenye madoa ya njano. Chupa nyingine niliikuta baada ya wiki 3 ina utelezi ndani na inanuka kama maji ya maua yaliyooza. Mmoja kaniambia nitie gliserini ndiyo inashika harufu, mwingine kasema mafuta ya mtoto, na jirani yangu yeye anasaga vidonge vya nafthalini. Nifanyeje ili harufu ikae angalau mpaka mgeni aamke? Na je, naweza kuyauza?"*

Marahaba, dada yangu. Umenirahisishia kazi kwa kutaja kila ulichotia na kila hatua uliyopita, maana jibu karibu lote limo humo humo. Nimekuelewa hivi: mgeni anaingia saa 2 usiku, unataka alale kwenye shuka linalonukia, na akiamka alfajiri kuwahi basi au boti ya Ukerewe, bado asikie harufu kidogo kwenye mto wake. Tena shuka lisichafuke. Hilo linawezekana kwa vitu vinavyopatikana hapa Mwanza. Lisilowezekana nikuambie mapema usije ukapoteza fedha: kupulizia hewani mara moja, dirisha likiwa wazi, halafu chumba kinukie kwa muda wa saa 10. Hewa inatoka na harufu inatoka nayo. Kitambaa ndicho chenye uwezo wa kuitunza harufu na kuitoa kidogo kidogo, kwa hiyo nguvu zako zote zielekee kwenye shuka, foronya na pazia.

Nianze na pasi, ambayo huenda hukuitarajia. Unapulizia kisha unapiga pasi. Pasi iliyowekwa kwenye pamba inafika karibu nyuzi 200 za selisiasi. Kiini cha mafuta ya limau na ya chungwa ni limonini, nayo huchemka kwenye nyuzi 176. Ukipitisha pasi, harufu yote nyepesi inapanda na mvuke na kujaza chumba unachopigia pasi, nawe unafurahi kwa kuwa pananukia. Unachokinusa pale ndicho kinachokukimbia. Shuka linafika kitandani limebakiza masazo. Kuanzia kesho piga pasi kwanza, liache shuka lipoe kabisa, litandike, ndipo upulizie. Hata kama hutabadilisha kitu kingine chochote, hilo peke yake utaliona tofauti.

Sasa tuingie kwenye harufu yenyewe. Ili pua isikie, lazima chembe ndogo ziachane na kitambaa zipande hewani. Maana yake harufu inayokaa ni ile inayotoka polepole, na harufu kali inayokupiga usoni mara moja ndiyo inayokwisha mapema. Chembe nyepesi huruka upesi, nzito hukawia. Chembe ya limonini ina uzito wa 136 kwa kipimo cha wanakemia. Miski moja ya maabara inayotumika sana kwenye sabuni, Galaxolide, ina 258. Nimekutajia hizo mbili uone umbali uliopo, ingawa uzito hauamui kila kitu: vanilini, kiini cha harufu ya vanila, ni nyepesi kuliko unavyodhani lakini hung'ang'ania, kwa sababu chembe zake zinashikana kwa nguvu na haziruki upesi.

Watu wa pwani wanalijua hili tangu zamani. Mwanamke wa Unguja anayetaka kanga zake zinukie harusini huzifukiza kwa udi na ubani juu ya chetezo, anazikunja, anazitia sandukuni. Moshi wa udi una utomvu mzito unaoganda kwenye nyuzi, na kanga ikitolewa siku nyingi baadaye bado inasema. Asmini, ambayo ni nyepesi na tamu, anaitumia kwa usiku ule ule mmoja. Ndimu na mchaichai haviwezi kufanya kazi ya udi hata ukitia matone 200.

Ndiyo maana kuongeza kutoka matone 30 hadi 60 hakukusaidia. Uliongeza zaidi kile kinachoruka, na kilichobaki kikawa doa. Na doa lina sababu yake: mafuta ya manukato hayayeyuki kwenye maji. Ukitikisa yanapasuka kuwa matone madogo, na baada ya dakika 1 yanapanda juu tena. Jaribu leo: mimina mchanganyiko wako kwenye glasi safi ya chai, uiweke dirishani, uangalie kwa ubavu. Utaona utando unaong'aa juu kama ule wa mchuzi wa samaki uliopoa. Kichwa cha chupa kinapovuta, mara kinavuta maji matupu, mara kinavuta tone zima la mafuta na kulitupa mahali pamoja kwenye shuka. Sehemu moja inapata doa, nyingine haipati kitu.

Dawa ya kulainishia nguo nayo nielewe nisemapo. Naifahamu sababu ya kuiweka: ile ya dukani inanukia wiki nzima kabatini. Lakini siri yake mara nyingi ni vidonge vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo manukato yamefungiwa ndani, na kila nguo inaposuguliwa vinapasuka vichache. Vimetengenezwa vishike nguo wakati wa kusuuza. Ukitia kizibo kimoja kwenye lita ya maji unapata vichache sana, na badala yake unaacha tabaka la nta kwenye shuka, na taulo zikipata tabaka hilo hazifyonzi tena maji mwilini. Kibaya zaidi, umekizimua kihifadhi kilichokuwa ndani yake. Kihifadhi kilichotosha kulinda chupa ya dawa hakitoshi kulinda lita nzima ya maji. Bakteria wa majini, na hapa nawafikiria hasa akina Pseudomonas, wanapata maji, joto letu la Mwanza na chakula kidogo, ndani ya wiki 3 wamejenga utelezi ule uliouona. Chupa ile usiipulizie tena kokote, maana ukipulizia unawarusha hao hao hewani mgeni awavute.

Kuchemsha maji hakuzuii hilo. Unaua waliomo leo, kesho wengine wanaingia kwa kichwa cha kupulizia.

Kuhusu ushauri uliopewa. Gliserini haishiki mafuta ya manukato, haipatani nayo. Kazi yake ni kuvuta unyevu, na hapa kando ya ziwa, hasa masika ya Machi hadi Mei, utapata shuka linalonata na kukamata vumbi. Mafuta ya mtoto kwa kweli yanapunguza kasi ya harufu kuruka, hapo aliyekuambia hakukosea sana, ila ni mafuta ya madini yasiyokauka na kwenye shuka jeupe ni doa la uhakika. La jirani yako limenisumbua zaidi. Nafthalini ni sumu, haifai kabisa kwenye kitu anacholalia mtu. Kuna watoto wengi katika ukanda huu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, urithi unaoonekana sana kwenye maeneo ya malaria, na mtoto wa namna hiyo akivuta mvuke wa nafthalini au akilazwa kwenye nguo zilizohifadhiwa nayo, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka kwa wingi. Tafadhali mfikishie ujumbe huu leo.

Bikaboneti nimeiacha mwisho kwa sababu ya mwaloni. Watu wanaitia wakiamini inaua kila harufu mbaya. Inafanya kazi kwenye harufu zenye asili ya asidi, kama jasho la siku nyingi na maziwa yaliyochacha. Harufu ya dagaa ni ya upande wa pili: sehemu kubwa inatokana na amini, jamaa za amonia, ambazo zenyewe ni besi, yaani kinyume cha asidi, pamoja na mafuta ya samaki yaliyochacha juani. Besi hailambi besi. Kinachozimeza amini ni asidi, na mama zetu wanalijua ndiyo maana samaki anapakwa ndimu na mikono inaoshwa kwa ndimu. Kwa mapazia na mashuka yako, tia siki nyeupe nusu kikombe kwenye maji ya mwisho ya kusuuza, beseni la lita 10. Siki ikikauka haibakizi harufu. Mapazia yafue hivyo kila wiki 2, na madirisha ya upande wa mwaloni yafunge mapema wakati upepo wa ziwani unapoanza mchana. Marashi yakipuliziwa juu ya harufu ya dagaa hayaiondoi, yanafungana nayo, na unapata kitu cha tatu kibaya kuliko vyote viwili.

Tuje kwenye kutengeneza. Nakupa njia mbili, na nitakuambia ipi ningeichagua ningekuwa mwenye gesti.

Njia ya kwanza ni ya spiriti. Kwa gramu 100: ethanoli ya asilimia 96 gramu 70, manukato gramu 3, dipropilini glaikoli gramu 3, na maji yaliyokenekwa gramu 24. Hiyo glaikoli, wauzaji wanaiita DPG, ni kimiminika kizito kisicho na harufu kinachopatana na mafuta na spiriti vyote viwili, na ndicho kinachofanya kazi uliyodhani gliserini inaifanya: kinapunguza kasi ya kuruka bila kuacha mafuta. Changanya manukato na glaikoli, mimina ethanoli, funika, weka kwenye kabati lenye giza kwa wiki 1. Ndipo utie maji, kidogo kidogo huku ukizungusha chupa. Ukiona mchanganyiko unakuwa mweupe kama tui, maji yamezidi kwa manukato hayo, rudisha ethanoli kijiko kwa kijiko mpaka ung'ae. Njia hii inakauka upesi, haihitaji kihifadhi kwa kuwa spiriti ya kiwango hicho hakuna kiumbe kinachoota ndani yake, na haiachi kunata. Ubaya wake ni bei, na moto. Moto nitaurudia.

Ethanoli inunue kwenye duka la kemikali lililosajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na uombe kuonyeshwa lebo. Usitumie spiriti ya bluu ya kuwashia majiko: inaweza kuwa na methanoli, ambayo ikivutwa chumbani usiku kucha au ikipita kwenye ngozi ni sumu ya macho na ya neva. Gongo usiiguse kwa sababu hiyo hiyo, hakuna anayejua kilichomo. Pombe kali za dukani za asilimia 35 au 40 ni salama lakini hazina nguvu ya kuyeyusha mafuta, utarudi kwenye utando wa glasi ya chai. Vitakasa mikono vya jeli vina gundi itakayoziba kichwa cha chupa.

Njia ya pili ni ya maji. Kwa gramu 100: manukato gramu 1.5, polisobeti 20 gramu 6, kihifadhi cha fenoksiethanoli kilichochanganywa na ethilheksiligliserini gramu 1, na maji yaliyokenekwa gramu 91.5. Polisobeti ni aina ya sabuni laini isiyotoa povu jingi, upande mmoja inashika mafuta na upande mwingine inashika maji. Utaratibu hapa ni muhimu kuliko vipimo: manukato na polisobeti vichanganywe kwanza vyenyewe kwenye kikombe kikavu mpaka viwe kitu kimoja, ndipo maji yaingie kwa utaratibu. Ukiyatia maji kwanza, umeshindwa. Anza na polisobeti gramu 3, angalia, panda mpaka maji yang'ae. Manukato mengine yanataka kidogo, mengine yanataka hata zaidi ya hizo 6. Pima pH, yaani kiwango cha asidi, kwa karatasi yake, iwe kati ya 4.5 na 5.5, ukihitaji kushusha tia punje za asidi ya sitriki. Tengeneza kidogo, utumie ndani ya miezi 2. Njia hii ni rahisi kwa bei na haishiki moto, ila inakauka polepole, inabakiza unato kidogo ukizidisha, na harufu yake kwenye shuka haifiki mbali kama ile ya spiriti.

Maji yaliyokenekwa ni yale yanayouzwa vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma chupa kwa makini, maana kando yake kwenye rafu ile ile huwa kuna asidi ya betri, na chupa zinafanana kama mapacha. Vipimo navyo achana na matone. Tone la mafuta mazito halilingani na la mepesi, na la kwako si la jirani yako. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma hadi gramu 0.1 ndiyo kifaa cha kwanza kununua, kabla ya manukato mapya.

Na hayo manukato ya Makoroboi yapime kabla hujayaamini. Mengi ni mazuri, lakini baadhi yameshazimuliwa kwa mafuta ya kupikia au ya madini ili chupa ijae. Mimi nafanya hivi kwenye karakana yangu Nyegezi: nadondosha tone 1 kwenye karatasi nyeupe, naliacha mpaka asubuhi. Manukato halisi yanaacha alama hafifu, pengine duara jembamba la rangi. Yaliyozimuliwa yanaacha dirisha la mafuta unaloweza kuonea mwanga, kama karatasi iliyofungia sambusa. Kisha nadondosha matone 5 kwenye kijiko cha ethanoli. Yakizama chini kama shanga na kugoma kuyeyuka, nayarudisha kwa muuzaji. Nina hakika kubwa kwamba madoa yako ya njano yanatoka huko kwa sehemu, na sehemu nyingine inatoka kwenye rangi ya manukato yenyewe. Vanila hubadilika kuwa ya kahawia kadiri inavyokaa, na karafuu nayo hugeuza rangi, kwa hiyo kwenye shuka jeupe hizo mbili ziwe kidogo mno au zisiwepo.

Upangaji wa harufu: kati ya gramu 3, ningeweka gramu 0.6 ya kitu chepesi cha kumpokea mgeni mlangoni, kama mchaichai au limau; gramu 1 ya kati, lavenda au jerani; na gramu 1.4 za msingi, yaani miski nyeupe na sandali, au pachuli kidogo sana. Ukinusa chupa utaona kama haijachangamka. Usiihukumu chupa, hukumu kitambaa. Kata vipande 4 vya shuka kuukuu ukubwa wa kiganja, viandike namba kwa kalamu ya risasi, kila kimoja kipulizie mchanganyiko wake mara 2, vianike kwenye uzi chumbani, mbali na jiko. Vinuse baada ya dakika 10, baada ya saa 1, kabla ya kulala, na asubuhi. Mwaka fulani nilivipanga vipande hivyo 12 kwa ajili ya mchanganyiko niliokuwa nimeupenda mno, wa chungwa na mrehani. Saa 3 usiku nilikuwa siwezi kukitambua kipande chake kati ya vile ambavyo havikupuliziwa kitu. Kipande cha sandali ambacho mchana nilikipita bila kukijali ndicho kilichokuwa kikinukia asubuhi, na kwa utulivu mzuri. Tangu siku hiyo sinunui mafuta mengi ya chungwa.

Unaponusa, kumbuka kwamba pua inachoka. Ukikaa na harufu moja kwa dakika kumi na tano au ishirini ubongo unaacha kuiripoti, ingawa ipo. Huenda hata hiyo nusu saa yako ilikuwa ndefu zaidi kuliko ulivyodhani. Toka nje, nenda mpaka barabarani, rudi. Au muulize mfanyakazi ambaye hajaingia chumba hicho leo.

Namna ya kupulizia: simama umbali wa sentimeta 30 hivi, kichwa cha chupa kiwe cha ukungu mwembamba. Shuka la kitanda cha futi 5 linatosha mipulizo 10, zaidi upande wa miguuni na pembeni, na 2 upande wa nyuma wa foronya, usiwe ule unaogusa uso. Subiri robo saa pakauke. Shuka za mchanganyiko wa poliesta hushika manukato muda mrefu kuliko pamba tupu, lakini zinashika na jasho vile vile, kwa hiyo lazima zifuliwe vizuri. Ndipo lije lile ninalolipenda kuliko yote: chukua vitambaa 4 vya pamba, vipulizie mpaka vilowe kidogo, vikauke kabisa, uvipange katikati ya mashuka safi ndani ya kabati lililofungwa, siku 3. Mvuke unatambaa polepole kutoka kitambaa hadi shuka, unaenea sawasawa, hakuna tone wala doa. Ni utaratibu ule ule wa kutia vikuba vya maua katikati ya nguo. Shuka likitoka hapo, mipulizo 4 inatosha.

Shuka liwe limekauka. Wakati wa mvua nguo zikikaa na unyevu siku nzima, bakteria aitwaye Moraxella osloensis anaota kwenye nyuzi na kuleta ule uvundo wa kitambaa kibichi, na hauondoki kwa marashi. Kufua kwa maji ya moto na kukausha upesi ndiyo tiba. Chumba kikiendelea kunuka ukungu hata mashuka yakiwa safi, mwite fundi aangalie ukuta na paa. Gesti nyingi zimejengwa zikiegemea mawe ya kilima, na maji ya mvua hupenya kwa nyuma bila kuonekana.

Moto, kama nilivyoahidi. Mchanganyiko wenye ethanoli ya asilimia 70 hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye joto la chini ya nyuzi 20, na mchana wa Mwanza una zaidi ya hapo. Usipime wala kupulizia karibu na jiko la mkaa, gesi, mshumaa, dawa ya mbu ya kuwasha au mtu anayevuta sigara. Shuka lililopuliziwa likauke kabisa kabla ya kitu chochote cha moto kuingia chumbani. Chandarua chenye dawa usikipulizie kamwe, spiriti inayeyusha dawa ile, na kukosa harufu nzuri kwenye chandarua ni afadhali kuliko kukosa kinga ya malaria.

Vyumba viwili kati ya 6 viache bila marashi, na mapokezi waulize. Mwenye pumu anaweza kubanwa na harufu yoyote, hata ile inayoitwa ya asili. Mama mwenye kichanga asipewe chumba kilichopuliziwa, hasa cha mikaratusi au menthol. Mtu akianza kubanwa kifua, mtoe nje kwenye hewa safi, na asipopata nafuu upesi kwa dawa yake ya kuvuta, ni hospitali, usisubiri asubuhi. Mtoto akinywa marashi haya usimtapishe; mpeleke mara moja na chupa yenyewe mkononi daktari aisome. Kwa hiyo chupa iwe na maandishi, na isiwe ya maji ya kunywa wala ya soda.

Kwa gesti yako ningechagua spiriti kwa mashuka, pamoja na vile vitambaa vya kabatini, na njia ya maji kwa mapazia tu. Gharama ya spiriti inarudi kwa sababu unapulizia kidogo.

Kuuza unaweza, lakini si kesho. Weka chupa 3 za mchanganyiko wako dirishani na 3 kabatini kwa miezi 3, uone kama zinabadilika rangi, zinatengana au zinaota kitu. Andika kila kipimo kwenye daftari. Zikisimama vizuri, nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapa Mwanza na daftari hilo, wakuelekeze kuhusu vifungashio na hatua za kupeleka sampuli TBS, shirika la viwango. Ile ya maji usiiuze kabla maabara haijathibitisha kwamba kihifadhi kinatosha, kwa sababu jicho haliwezi kuona bakteria mpaka wameshajenga utelezi.

Na yale mashuka mawili. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo moja kwa moja kwenye doa likiwa kavu, sugua kwa vidole, acha nusu saa, fua kwa maji ya moto kadiri shuka linavyoruhusu, kisha anika juani. Usilipige pasi kabla doa halijatoka, maana joto litalifungia humo. Likigoma baada ya mara mbili, kata pale penye doa, lililobaki litakupa foronya na vile vipande vinne vya majaribio.